Kuanza mbio ndefu baada ya miaka 40: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wiki ya sita ndiyo wiki ya kuogopa. Naanza na hilo kwa sababu wengi wa rika letu tunajiandaa kwa tabu ya siku za mwanzo: pumzi kukata, mapaja kuuma, aibu ya kupitwa na watoto wa shule. Hayo yote hupita. Baada ya mwezi na kitu pumzi inafunguka, unaamka mwepesi, unajihisi kama enzi za mchakamchaka shuleni. Ndipo unapoongeza kasi na umbali kwa pamoja, na ndipo mguu unapogoma.

Sababu yake inaeleweka. Moyo na mapafu huzoea kazi mpya ndani ya wiki chache, na misuli hufuata. Kano, zile kamba ngumu zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, hupata damu kidogo na hujijenga kwa miezi. Kijana wa miaka 18 halioni pengo hilo. Sisi tunaliona, maana kano zetu zimeshapoteza sehemu ya mnyumbuko wake na zimekaa vitini miaka mingi. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya kuzisubiri kano zako hata pale pumzi inapokuambia twende.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Temeke. Nilianza nikiwa na miaka 45, sasa nina 49, na nimemaliza nusu marathoni tatu, mbili kati ya hizo Moshi. Haya ndiyo ninayowaambia wenzangu wa ofisi ya walimu wanaponiuliza waanzie wapi.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kufunga kamba za raba

Nenda kituo cha afya kilicho karibu upime presha na sukari. Presha ya juu haiumi, ndiyo maana wengi wanatembea nayo bila kujua. Ukikutwa nayo usikate tamaa. Mara nyingi daktari atakuanzishia matembezi, na dawa ikibidi, kisha atakuruhusu kukimbia taratibu, na mazoezi yenyewe yatasaidia kuishusha. Kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja alipata ugonjwa wa moyo au alifariki ghafla kabla ya uzee, kama una kisukari, kama unavuta sigara, au umewahi kubanwa na kifua ukipanda ngazi, omba kipimo cha umeme wa moyo kabla ya kuendelea mbele.

Kina mama tunaokaribia kukoma hedhi tuna la ziada. Miaka hiyo hedhi ya wengine huwa nzito na damu hupungua. Ukiona unachoka kuliko mazoezi yanavyostahili, pima wingi wa damu kabla ya kujilaumu kwa uvivu. Na ujue pia kwamba mifupa hupoteza uimara baada ya hedhi kukoma, na kazi inayoitikisa mifupa kwa kiasi, kama kukimbia na kunyanyua uzito, husaidia kuilinda.

Ukiwa barabarani, maumivu yanayobana kifua na kwenda kwenye taya au mkono, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au moyo kudunda ovyo bila mpangilio: simama, kaa chini, omba msaada, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 2: Raba

Raba mpya za kukimbia ni ghali, na wengi wetu hapa Dar tunakimbia na za mtumba. Hakuna ubaya, mradi usinunue kwa macho peke yake. Nenda soko la Karume jioni, kwa sababu kufikia jioni miguu imevimba kidogo, na ndivyo itakavyovimba ukiwa mbioni. Nenda na soksi utakazokimbilia.

Muuzaji atakuambia, "Mama, hii bado mpya kabisa, angalia soli." Iangalie, lakini usiishie hapo. Soli inaweza kuwa nzima huku sponji ya katikati imeshakufa. Raba iliyokaa miaka stoo hukauka hata kama haijavaliwa siku moja. Bonyeza sponji kwa kidole gumba ubavuni, chini ya kisigino. Ikibonyea na kurudi, iko hai. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo midogomidogo kama ngozi ya kiwiko, irudishe. Kisha iweke juu ya kitu kilichonyooka, chuchumaa uitazame kwa nyuma: ikiwa imeinamia ndani au nje, aliyeivaa mwanzo aliitengeneza kwa mguu wake, nayo itauvuta mguu wako huko. Ipinde. Inatakiwa ikunjike mbele, pale vidole vinapoanzia. Ikijikunja katikati kama chapati haitakushikilia. Mwisho chungulia mshono kati ya sponji na kitambaa. Ukiona gundi mpya inayong'aa, ilibanduka ikagandishwa, na joto la lami litaibandua tena.

Ukisimama wima, mbele ya kidole chako kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kucha nyingi nyeusi unazoziona kwa wakimbiaji zimeletwa na raba iliyobana. Raba mpya hufanya kazi kilomita kama 500 hadi 800. Ya mtumba ihesabu nusu ya hapo, na uandike kwenye daftari siku uliyoinunua.

Sidiria ya michezo nunua mpya na ikubane sawasawa. Mafuta ya mgando yapake mapajani, kwapani na chini ya sidiria; wanaume wapake kwenye chuchu. Katika unyevunyevu wa pwani, saa moja ya kitambaa kusugua ngozi inatosha kukutoa damu.

Hatua ya 3: Wiki 12 za kutembea na kukimbia

Siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Mimi nilichagua Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kila mara anza kwa kutembea haraka dakika 5 na umalizie hivyohivyo. Katikati:

Wiki ya 1 na 2: kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8.
Wiki ya 3 na 4: kimbia 2, tembea 2, mara 6.
Wiki ya 5 na 6: kimbia 3, tembea 2, mara 5.
Wiki ya 7 na 8: kimbia 5, tembea 2, mara 4.
Wiki ya 9 na 10: kimbia 8, tembea 2, mara 3.
Wiki ya 11: kimbia 12, tembea 2, mara 2.
Wiki ya 12: dakika 30 mfululizo, au 15 mara mbili ukihisi bado.

Wiki ikikushinda, irudie. Wiki ikiwa rahisi mno, usiiruke. Hilo la pili ndilo gumu, na nitaeleza lililonipata.

Nikiwa wiki ya sita, Jumapili moja kikundi cha jogging kilipita mtaani kwetu, watu kama sitini, fulana za njano, filimbi na nyimbo. Nikaingia. Wimbo unakubeba, miguu inafuata mdundo wa wenzako, kiongozi anaita na kundi zima linaitikia, na mimi ambaye sikuwa nimewahi kupita kilomita 3 nikajikuta nimekwenda na kurudi 9. Siku ile sikusikia chochote. Jumatatu alfajiri nikashuka kitandani, hatua ya kwanza tu, nyuma ya kisigino pakashika kama pamekazwa waya. Nikatembea hadi bafuni kwa kuegemea ukuta. Ilikuwa kano ya kisigino, ile nene unayoweza kuishika kwa vidole viwili juu ya kiatu, na ilinikalisha wiki 11.

Vikundi hivi navipenda na ninakimbia navyo mpaka leo. Bila wao wengi wetu tungeacha. Jiunge, lakini baada ya wiki ya 12. Mwambie kiongozi kabla ya kuondoka kwamba wewe ni mgeni na utageuka kilomita ya pili, kisha geuka kweli.

Hatua ya 4: Mwendo wa kuongea

Kwa miezi sita ya mwanzo kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Nikiwa peke yangu hutaja mikoa kwa pumzi moja: Arusha, Dar es Salaam, Dodoma, Geita, Iringa, Kagera. Nikikata kabla ya Iringa, nimezidisha, napunguza. Wakati mwingine mwendo huo utakuwa sawa na wa mtu anayetembea haraka. Hewala, uwe hivyo.

Wapo wanaotumia hesabu ya 220 kutoa umri wako kupata kiwango cha juu cha mapigo ya moyo. Mwenye miaka 45 anapata 175 kwa dakika. Hesabu hiyo ni ya wastani na inaweza kumkosea mtu kwa mapigo 10 au zaidi. Tena ukitumia dawa za presha zinazopunguza mapigo, kama atenolol au propranolol, saa ya mkononi itakudanganya kabisa, maana moyo wako hautapanda kama wa wengine. Mdomo naamini kuliko saa.

Usidhani mwendo huu ni wa wanaoanza tu. Wanaofika Iten, kule Kenya kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, hushangaa kuwaona wakimbiaji wa kimataifa siku zao za mazoezi mepesi wakijivuta taratibu kiasi kwamba mgeni anaweza kwenda nao. Mwendo wa taratibu hujenga mishipa midogo ya damu ndani ya misuli na kuufundisha mwili kutumia mafuta yake, bila kuzichosha kano. Ndiyo maana wenye kazi yao hawauachi.

Hatua ya 5: Dakika 15 za kibarazani

Baada ya miaka 40 misuli hupungua kidogo kidogo isipolazimishwa kubaki. Mara mbili kwa wiki, siku usizokimbia, fanya mazoezi haya matatu. Hayahitaji chumba cha mazoezi.

La kwanza ndilo lililoniponya mguu. Simama pekupeku kwenye ngazi ya kibaraza, sehemu ya mbele ya unyayo ikiwa juu ya ngazi na visigino vikining'inia. Shika nguzo. Panda juu kwa vidole vya miguu yote miwili, kisha inua mguu usiouma na ushuke kwa ule wenye maumivu peke yake, polepole, ukihesabu hadi tatu, mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, pumzika, rudia mpaka raundi tatu goti likiwa limenyooka; kisha raundi tatu goti likiwa limekunjwa kidogo. Ukiwa unatibu, fanya kila siku asubuhi na jioni kwa wiki 12. Kano itanung'unika kidogo na hilo ni sawa. Ukiwa mzima, mara mbili kwa wiki, mguu mmoja mmoja, inatosha kuizuia isikuumize.

La pili: kaa kwenye kigoda na usimame bila kushika kitu, mara 12, raundi tatu. Ikiwa rahisi beba ndoo ya lita 5 kifuani. La tatu: lala chali, kunja magoti, inua nyonga juu na ushikilie sekunde 5, mara 15.

Kuhusu maumivu nina kipimo kimoja. Yape alama kati ya 0 na 10. Yakiwa chini ya 3, hayaongezeki ukikimbia, na kesho yake asubuhi hayapo, endelea kwa kupunguza. Yakizidi hapo, pumzika siku mbili tatu utembee. Lakini ukibonyeza ugoko au mfupa wa unyayo kwa kidole kimoja ukapata sehemu moja inayochoma, na usiku inauma ukiwa umelala, acha kukimbia siku hiyohiyo uende hospitali. Huo unaweza kuwa mfupa unaotaka kupasuka kwa kuelemewa.

Hatua ya 6: Mbio ndefu ya wiki

Sasa unakimbia dakika 30. Siku mbili za wiki ziache hapo au 40. Siku ya tatu, Jumamosi au Jumapili, ndiyo ya kurefusha. Ongeza kilomita moja kila wiki kwa wiki tatu, ya nne punguza: 6, 7, 8, kisha 6. Halafu 8, 9, 10, kisha 8. Ukienda hivyo, kila wiki nne unasogea kilomita 2, na baada ya miezi sita hivi umefika 18. Nusu marathoni ni kilomita 21.1, na mtu aliyefika 18 kwa njia hii atazimaliza zilizobaki. Huna haja ya kuzikimbia zote mazoezini.

Jumlisha wiki 12 za mwanzo, 24 za kurefusha na 2 za kupunguza kabla ya mbio: ni wiki 38. Mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizoanza mwaka 2003, hufanyika Moshi kwa kawaida mwishoni mwa Februari. Anayezitaka aanze Mei, abaki na wiki kadhaa za akiba kwa malaria, misiba na mitihani ya shule.

Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, na mfungaji ajipange mapema. Wenzangu wanaofunga hukimbia dakika 30 nyepesi zinazoishia karibu na magharibi ili futari iwe karibu, na mbio ndefu huifanya usiku baada ya tarawehe. Mwezi huo ni wa kutunza ulichonacho. Kurefusha kunasubiri Idi.

Hali ya hewa ya Dar kuanzia Desemba hadi Machi haina huruma. Toka saa 11 na nusu alfajiri, uwe umerudi kabla ya saa 1 na nusu. Kimbia upande wa kulia ukiyatazama magari yanayokuja, vaa kizibao kinachong'aa, na usiweke muziki masikioni, kwa sababu bodaboda wengine hupita upande wowote, hata pembezoni unapokimbilia wewe.

Na Dar ni tambarare, Moshi ni mlima. Mara moja kwa wiki tafuta mwinuko. Daraja la Tanzanite lina urefu wa takriban kilomita moja na upepo wa bahari, na ukivuka mara nne unaanza kuuonja mlima. Anayeweza kufika Pugu, barabara ya kwenda Kisarawe ni mwalimu bora zaidi. Panda kwa hatua fupi, ukiitazama lami mita kumi mbele, na ushuke bila kujizuia kwa visigino.

Kula na kunywa

Mbio chini ya saa moja hazihitaji chochote zaidi ya maji ukirudi. Kabla ya mbio ndefu kula ndizi mbivu mbili, au mkate na chai, saa moja kabla. Ukizidi dakika 90, beba tende: mbili kila nusu saa, utafune ukitembea. Chochote utakachokula siku ya mbio kiwe umeshakijaribu mazoezini. Tumbo la mkimbiaji halipendi wageni.

Maji kunywa kwa kiu, mafunda machache kila unapopita penye maji. Kunywa kupita kiasi nako kuna hatari yake: chumvi ya damu hushuka, kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa, na mtu anaweza kufa. Baada ya jasho jingi natengeneza maji ya chumvi na sukari nyumbani, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Dafu pia ni zuri ukirudi.

Siku ya mbio

Nusu marathoni ya Moshi inapanda kuelekea Mweka, kisha inarudi mjini. Sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ni mlima, na asubuhi ina ubaridi unaokudanganya kwamba una nguvu. Kilomita tatu za mwanzo kimbia taratibu kuliko mazoezini, taja mikoa. Mimi hutembea dakika moja kila dakika kumi mlimani, tangu mwanzo, kabla sijachoka, na wengi walionipita kilomita ya nne huwakuta ya kumi na tano wameshika kiuno. Mteremko wa kurudi unaumiza mapaja kuliko mlima: hatua fupi, magoti yalegee.

Septemba 2025, kwenye marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alikaa ndani ya kundi zaidi ya saa mbili, akamshika Mjerumani Amanal Petros mita za mwisho kabisa. Wote waliandikiwa saa 2:09:48, tofauti ikiwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia katika riadha. Ile mbio niliitazama na wanafunzi wangu zaidi ya mara moja, na kila mara namtazama pale kilomita za katikati, alivyotulia bila kujitokeza.

Ukivuka mstari usikae chini. Tembea dakika kumi, kunywa, vaa kitu kikavu, kula chakula halisi ndani ya saa moja au mbili. Siku mbili tatu utashuka ngazi kwa kinyumenyume, ni mapaja, yatapona. Wiki ya kwanza tembea tu. Wiki ya pili rudi na dakika 20 za mwendo wa kuongea, na asubuhi inayofuata, kabla hujashuka kitandani, bonyeza kano zote mbili za visigino kwa vidole viwili, uone kama kuna iliyovimba au inayouma.